Umeshinda Kazini, Huoni Ulichofanya: Kutafuta Hitilafu kwenye Siku ya Meneja

Saa kumi na moja jioni. Ofisi inaanza kuwa tupu, mlinzi anawasha taa za nje, na wewe bado umekaa mbele ya kompyuta ukijaribu kukumbuka leo umefanya nini. Tangu saa mbili asubuhi hujatulia. Chai umeinywa ikiwa imepoa. Lakini ukifika nyumbani ukaulizwa kazi imeendaje, jibu ni "pilikapilika tu", kwa sababu hakuna hata kitu kimoja unachoweza kukishika mkononi ukasema hiki nimekimaliza.

Maelezo haya ni ya meneja wa kawaida: wa tawi, wa idara, wa duka la jumla, wa karakana. Nimeyapanga kama fundi gari anavyotafuta ugonjwa. Dalili kwanza, halafu sababu zinazoweza kuileta, halafu namna ya kujua ni ipi kati ya hizo. Mimi nilikuwa mhasibu kwa miaka saba kabla sijakabidhiwa tawi la kusambaza vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, yaani saruji, bati, rangi na misumari. Makosa mengi yaliyomo humu nimeyafanya mwenyewe, mengine zaidi ya mara moja.

Kabla ya kufungua boneti

Usianze na tiba. Fundi anayebadilisha plagi kabla ya kuisikiliza injini atakula hela yako bure. Chukua daftari dogo la kuingia mfukoni, na kwa siku tano za kazi andika kila unapobadilisha shughuli: saa ngapi, unafanya nini, nani kaianzisha. Hiyo safu ya tatu ndiyo yenye siri. Usiseme utakumbuka jioni. Jioni kichwa kinakumbuka ugomvi na kusahau sahihi arobaini.

Huu ni ukurasa wangu wa Jumatano moja, saa za Kiswahili:

2:05 – dereva wa Fuso, posho ya safari ya Morogoro (yeye)
2:20 – kusaini vocha nne za mafuta (keshia)
2:35 – simu, mteja wa Kariakoo, mzigo umepungua makopo 12 ya rangi (mteja)
3:00 – kikao cha mauzo, kilipangwa nusu saa (mimi)
4:10 – kimekwisha
4:15 – mtunza stoo, "dakika moja" (yeye)
4:40 – nasoma ripoti ya madeni (mimi)
4:46 – simu ya makao makuu (wao)
5:05 – ripoti ya madeni, naanza tena ukurasa wa kwanza (mimi)

Ripoti ya madeni siku hiyo niliifungua mara nne. Ukurasa wa kwanza nikaujua kwa moyo. Wa pili sikuuona.

Ukiona vipande vingi usishtuke. Henry Mintzberg wa Canada aliwafuata wakurugenzi wakuu watano, wiki moja kwa kila mmoja, na mwaka 1973 akachapisha alichokiona: nusu ya shughuli zao hazikufika dakika tisa, na moja tu kati ya kumi ilizidi saa moja. Hapo hata simu ya mkononi haijaingia. Kwa hiyo kukatikakatika siyo ugonjwa wenyewe. Ugonjwa unategemea ni vipande vya nini.

Dalili: umechoka, lakini unaona hujafanya kitu

*Sababu ya kwanza, ambayo ndiyo ya wengi: unasoma geji ya gari la zamani.*

Nilipokuwa mhasibu jioni yangu ilikuwa na mwisho unaoonekana. Unalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, unasaka tofauti ya shilingi 4,500 tangu asubuhi, unaikuta imejificha kwenye makato ya benki ambayo hakuna aliyeyaandika, tofauti inasoma 0, unafunga faili. Kuna utamu pale ambao asiyeshika vitabu vya hesabu hawezi kuelezwa akaelewa. Muuzaji anao wake, siku mteja aliyekuwa anazungushazunguka anapolipa. Fundi anao wake, mashine inapowaka.

Umeneja hauna sifuri ya namna hiyo. Ukikaa na kijana wa mauzo Jumanne ukamwonyesha namna ya kumdai mteja bila kumpoteza, zao lake litaonekana baada ya miezi mitatu, na litaandikwa jina lake, siyo lako. Ndivyo inavyotakiwa. Andy Grove, aliyeiongoza kampuni ya Intel, alilieleza jambo hili kihandisi: zao la meneja ni zao la kitengo chake, pamoja na zao la vitengo jirani anavyovigusa. Sasa wewe unatafuta zao lako juu ya meza yako, na meza haina kitu. Lazima uone huna ulichofanya.

*Sababu ya pili: geji inasema kweli.* Nayo ipo, tusidanganyane.

Namna ya kuzitofautisha: rudi kwenye daftari, pita mstari kwa mstari, na ujiulize kama jambo lile lisingefanyika, hadi Ijumaa nini kingeharibika au kingechelewa? Mteja wa Kariakoo angehamia kwa mwingine. Fuso lisingeondoka. Hiyo ni kazi, hata kama ilichukua dakika nane na haikuacha alama. Lakini ukikuta mistari kumi mfululizo jibu ni "hakuna", basi uchovu wako ni wa mtu aliyekuwa anakimbia mahali pamoja, na tiba yake iko kwenye dalili nyingine hapo chini.

Kama hitilafu ni geji, badilisha geji. Kila jioni mimi huandika mistari mitatu: uamuzi nilioutoa, kizuizi nilichokiondoa, na mtu aliyeweza leo jambo ambalo mwezi uliopita hakuliweza. Mstari wa tatu unaweza kubaki mtupu wiki nzima. Hiyo nayo ni taarifa.

Halafu, hili wataalamu wa uongozi hawatalipenda, jiachie kitu kimoja kidogo chenye sifuri. Mimi kila Ijumaa nahesabu mwenyewe sanduku la fedha ndogondogo kwa keshia, bila kumwambia saa. Dakika kumi. Ni udhibiti, ndiyo, lakini nakiri nahesabu pia kwa sababu naipenda ile sifuri.

Dalili: unajisikia umefanya mengi sana, lakini tawi halisogei

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na ni hatari zaidi kwa sababu haiumi. Mtu hatafuti daktari akiwa anajisikia vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza, wakati wa kuhesabu mali, nilikunja mikono ya shati nikaingia godauni na vijana. Siku mbili. Mifuko 30 ya saruji iliyokuwa haionekani nikaikuta mimi mwenyewe, imepangwa nyuma ya bati mstari usiokuwa wake. Kila mtu akanisifu. Nilirudi nyumbani nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi, nikala vizuri, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi.

Siku zilezile mbili ripoti ya madeni ilikuwa mezani. Mkandarasi mmoja alikuwa ameshavuka ukomo wake wa mkopo, na alipoleta oda nyingine ya bati ikatoka, kwa sababu aliyepaswa kusema "hapana" alikuwa nyuma ya saruji. Fedha ile tuliifuata miezi minane, kwa vipande vipande.

Kuhesabu mifuko kulikuwa na mtu wa kukufanya, tena wanne. Ukomo wa mkopo ulikuwa na mtu mmoja tu.

Kipimo chake ni rahisi na kinachoma. Zungushia kwenye daftari mistari iliyokufanya ujisikie vizuri. Mbele ya kila mmoja andika jina la anayelipwa mshahara kuifanya kazi hiyo. Ukikuta jina siyo lako mara tatu kwa wiki, umekimbia. Na kwa kawaida tunakimbilia tunachokiweza: aliyekuwa mhasibu anarudi kwenye vitabu, aliyekuwa fundi anashika spana, aliyekuwa mwalimu anaingia darasani na kuiacha ofisi ya mkuu wa shule imefungwa.

Sisemi usiingie godauni. Ingia, saa mbili, ukaone. Meneja asiyenuka vumbi la kazi yake anadanganywa kirahisi. Lakini saa mbili za kuangalia siyo siku mbili za kubeba.

Ndugu wa ugonjwa huu ni kusaini. Kalamu ikitembea mtu anajiona anafanya kazi. Vocha, dokezo, ankara, barua ya likizo, vocha tena. Nilipanga nyakati mbili za kusaini, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na faili likija nje ya hapo linasubiri, isipokuwa gari limesimama barabarani. Keshia alinung'unika wiki moja. Wiki ya pili akaanza kuzikusanya mwenyewe, na makosa kwenye vocha yakapungua, maana alikuwa na muda wa kuzitazama kabla ya kunikimbilia.

Dalili: "Bosi, una dakika moja?"

Foleni mlangoni tangu asubuhi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo siku nyingi zinapozama.

Mtunza stoo wetu ni mama aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi na tano. Bosi ni mimi, lakini anayeamkia ni mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Bosi, una dakika moja?"

"Ninayo. Kuna nini?"

"Wale wa Mbagala wamerudisha bati tatu, zimekunjika kona. Sasa sijui tufanyeje."

"Acha nitaangalia."

Tazama kilichotokea. Ameingia na furushi kichwani, ametoka mikono mitupu, na furushi liko mezani kwangu. Maneno mawili tu, "acha nitaangalia", nami nimejitwika. Saa tisa atapita tena mlangoni kuuliza "vipi lile la bati?", na sasa mimi ndiye ninayefuatiliwa na mtu wa chini yangu. Kwa heshima zote, baba, lakini nafuatiliwa.

Sababu zake zinaweza kuwa tatu.

Moja, hakuna anayejua mwisho wa mamlaka yake. Waulize watu watatu, kila mmoja peke yake, wanaweza kuamua jambo la shilingi ngapi bila kukuuliza. Ukipata majibu matatu tofauti, au kicheko, sababu umeipata.

Mbili, aliwahi kuamua akaumia. Hii haisemwi kikaoni, na ndiyo iliyokuwa yangu. Nilikwenda kukaa naye stoo wakati wa chai ya saa nne, tukazungumza ya nyumbani kwanza, halafu nikamuuliza kwa nini hata jambo la misumari ya kilo mbili analeta kwangu. Akanyamaza kidogo, akasema: "Ile siku ya rangi, baba." Nilikuwa nimesahau kabisa. Miezi mingi nyuma alibadilishia mteja makopo mawili ya rangi, nami nikamuuliza "nani amekuambia ubadilishe?" mbele ya madereva. Tena makopo yenyewe alikuwa sahihi kuyabadilisha. Mimi nilisahau jioni ileile. Yeye aliamua siku hiyo kwamba hataamua tena.

Nilimwomba radhi. Kwa mtu aliyekuzidi umri hilo halina mjadala, uwe bosi au usiwe. Kisha tukaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: mali inayorudishwa isiyozidi shilingi 200,000 anaamua mwenyewe, anaandika kwenye kitabu, mimi nakisoma Ijumaa. Na mimi nikabadilisha jibu. Badala ya "acha nitaangalia" nikawa nasema, "Mama, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Mara ya kwanza alicheka: "Si ndiyo nakuuliza wewe?" Ilipofika wiki ya pili akaja na jibu kabla ya swali.

Tatu, unapenda kuulizwa. Foleni mlangoni inampa mtu utukufu. Kipimo cha hili ni likizo. Chukua siku tano, simu usiizime. Isipolia, na ukajikuta unaumia, umeshajua.

Dalili: siku nzima vikaoni

Usiukimbilie wimbo wa kuvifuta vikao. Michael Porter na Nitin Nohria wa Harvard walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuufuatilia muda wa wakurugenzi wakuu 27, wiki 13 kila mmoja: asilimia 72 ya muda wao wa kazi ilikwenda vikaoni. Kwa ngazi ile kikao ndiyo jembe lenyewe. Meneja wa tawi hatakiwi kufika huko, ila naye asishangae kwamba anakutana na watu.

Dawa ya kupimia unayo tayari kwenye faili la mihtasari. Fungua mihtasari mitatu ya mwisho, usome kipengele cha "yatokanayo na kikao kilichopita". Jambo linalojitokeza mara tatu, kila mara "linafanyiwa kazi", halina mwenyewe. Liandikie jina la mtu mmoja na tarehe, au lifute. Siyo "idara ya mauzo". Mtu mmoja.

Halafu angalia "mengineyo". Kwenye vikao vyetu mambo mazito hujificha huko mwisho, saa ambayo watu wameshafunga madaftari. Mtu amebana jambo tangu saa tatu, analitoa saa nne na dakika tano, na kikao cha nusu saa kinakuwa cha saa moja na dakika kumi. Nikaanza kuuliza mengineyo mwanzoni, kabla ya ajenda, niyapangie nafasi. Kikao cha mauzo sasa kinakwisha saa tatu na dakika arobaini. Siyo nusu saa, lakini siyo saa nne na kumi.

Dalili: kazi ya maana unaifanya usiku au Jumamosi

Sababu ni moja na inajulikana: kila mtu ana nafasi kwenye siku yako isipokuwa wewe. Ile ripoti ya madeni haipigi simu. Haina mtu wa kuja kuuliza dakika moja.

Sheria nayo haitakuokoa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini masharti hayo ya saa hayamhusu mfanyakazi anayewasimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukomo utajiwekea mwenyewe.

Mimi nilitenga Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi hadi saa tatu kasoro robo, mlango umefungwa, simu kwa keshia na maagizo: anipe akipiga mkurugenzi, ajali, au shule ya watoto. Nilijaribu mchana, ikashindikana. Nilijaribu kila siku, ikashindikana mapema zaidi.

Makundi ya WhatsApp nitayapitia haraka. Kama uko kwenye makundi manane ya kazi, uliza ni lipi ukilitoka leo mzigo hautatoka. Huwa ni moja au mawili. Mengine yanyamazishe, na kwenye hilo moja acha kujibu saa nne usiku, kwa sababu ukijibu mara moja umetangaza kwamba dirisha liko wazi.

Umejaribu yote, dalili ziko palepale

Hapo hitilafu huenda haimo ndani yako. Hesabu watu wanaoripoti kwako moja kwa moja. Kama ni 19, hakuna daftari litakalokusaidia, unahitaji kiongozi wa zamu au msimamizi katikati. Angalia pia safu ya tatu ni mara ngapi imeandikwa "wao", makao makuu. Kama tawi haliwezi kununua tairi la Fuso bila idhini ya watu watatu walio mji mwingine, muda wako unaliwa huko. Nenda kwa mkuu wako na daftari lenyewe, usiende na malalamiko. Kurasa tano zenye saa na dakika humfanya mtu anyamaze kidogo kabla hajakuambia ujipange vizuri.

La mwisho kuhusu kipimo: chagua wiki ya kuandika. Tarehe 7 kuna PAYE, kodi ya mishahara, tarehe 20 kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na siku mbili kabla ya kila moja nusu ya ofisi inapiga mbio, hivyo daftari litakuonyesha ugonjwa wa kodi badala ya wako. Wiki ya kuhesabu mali nayo iache. Ramadhani pia, maana saa za kazi zinasogea, na alasiri haifanani na alasiri nyingine. Wiki inayoanza tarehe 9 au 10 hivi ndiyo inayosema kweli. Daftari liwe dogo na kalamu uifunge kwa uzi. Yangu ya kwanza aliichukua dereva wa Fuso kusainia posho ya Morogoro, akaondoka nayo.